Brussels Bila Mama Anésie

Sharti la kwanza la safari yetu ya Brussels nililiweka mimi mwenyewe, nimesimama jikoni na mwiko mkononi: hakuna ndugu wa kuambiwa. Mume wangu Mugambi alikuwa mezani na simu yake, anapanga siku zetu nne kama anavyopanga mikutano ya ofisini kwao Parramatta. Asubuhi jumba hili, mchana makumbusho yale, jioni tukae nje tunywe chokoleti ya moto. Akainua kichwa.

"Hata Mama Anésie asiambiwe?"

"Hasa Mama Anésie."

"Lyse, huyo si ndiye alikulea?"

"Ndiye. Kwa hiyo?"

Akanyamaza. Mugambi ni Mmeru wa Kenya, na nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba akinyamaza hajakubali. Amechoka tu kabla vita havijaanza.

Sasa kabla hamjaanza kunisema, ngoja kwanza mnielewe. Sisi Warundi wa hapa Merrylands, Australia, tunao mfano. Ndikumana na mkewe Irankunda, majirani zetu, walikwenda Brussels mwaka juzi wakakaa wiki nzima. Waliporudi nikamwuliza Irankunda, mmeona nini huko? Akanionyesha picha. Ya kwanza, Irankunda kwenye sofa ya kahawia katikati ya akina mama sita. Ya pili, sofa ileile, akina mama wengine. Ya tatu, sinia la ndizi na maharage. Kila siku walikuwa wanakuja ndugu kuwasalimia, na mtu akitoka mji mwingine kuja kukusalimia huwezi kumwambia samahani shangazi, mimi naenda kuangalia kanisa la kale. Unakaa. Unakula. Unaulizwa nani kafa, nani kaolewa, na wewe mbona umekonda. Wa mchana hawajaondoka, wa jioni wanagonga mlango.

"Mji tuliuona dirishani," Irankunda aliniambia. "Una mvua."

Nikaapa hayatanikuta. Na mimi mji ule nimeutamani tangu nikiwa mtoto kwenye kambi ya wakimbizi, kule Kigoma. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa amebandika ukutani picha aliyoikata kwenye kalenda: uwanja mkubwa wa katikati ya Brussels, majumba yamepambwa dhahabu mpaka juu kwenye mapaa. Mvua ikinyesha darasa likavuja, sisi tulihangaika na daftari zetu, yeye alikuwa anakimbilia picha. Nilikuwa nikiitazama najiambia, siku moja nitasimama pale katikati nikiwa na viatu vizuri. Mwezi wa tano huu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na fungate hatukuwahi kwenda, maana Jumatatu baada ya harusi nilikuwa na zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Mtu atanilaumu kwa lipi?

Mugambi naye alikuwa na lake. Alitaka kuona kile kisanamu cha mtoto anayekojoa, ambacho ati ndicho fahari ya mji.

"Yaani tupande ndege siku nzima na usiku mzima, tukaone mtoto anakojoa?" nikamwambia. "Ungeniambia mapema, hapa mtaani wamejaa."

"Wacha hizo. Yule ni wa historia."

Tukacheka mpaka maharage yakashika chini ya sufuria. Wiki zile zilikuwa tamu, sitaki kuwaficha.

Sasa Mama Anésie. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka sita, njiani tukikimbia vita, kabla hatujafika mpakani. Anésie ni mdogo wake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, akanibeba mgongoni akaingia nami Tanzania, na tangu hapo nikamwita Mama. Kambini alipata mchumba, fundi seremala, mwanamume wa kueleweka. Yule bwana akamwambia achague, yeye au mtoto wa dada. Mama akamwonyesha mlango. Kibanda chetu cha turubai hakikuwa na mlango, ila yule bwana alielewa.

Baadaye mimi nikapata nafasi ya kuhamia Australia pamoja na familia ya mjomba, naye Mama akaja kuolewa na Mrundi aliyekuwa Ubelgiji, akazaa binti mmoja, Verdiane, kisha akafiwa na mume. Tangu siku tulipoagana pale kambini hatujaonana, ila kwenye simu. Nimekwenda Kenya kwa wakwe mara mbili. Nimekwenda Bali nikasukwa nywele ufukweni. Kwenda kwa Mama, kila mwaka nilisema mwakani.

Si kwamba simpendi. Ila upendo wake ni mzito jamani, ukikushukia huinuki. Najua angelia kuanzia uwanja wa ndege. Najua angemkalisha Mugambi amsimulie nilivyokuwa na upele, nilivyoiba biskuti kwenye foleni ya chakula, nilivyolowesha mkeka mpaka nina miaka kumi. Angeita jirani mmoja mmoja waje wamwone mtoto aliyemvusha mpaka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka siku nne tu za kuwa mtalii. Nisiwe yatima wa mtu.

Wala sikusema sitamwona kabisa. Tulimpangia Jumapili alasiri. Tungetokea mlangoni kwake na keki, tuseme tumepita tu, tunywe chai, tuage. Mugambi akamweka kwenye mpango, baada ya makumbusho, kabla ya chakula cha jioni. Nikaona ni haki kabisa.

Kilichoniponza ni kanisa. Sisi tunasali kwenye ukumbi wa kukodi karibu na stesheni, Warundi, Wakongo na Wakenya, kila mtu na Kiswahili chake. Na kwetu mtu hapandi ndege bila kuombewa. Hata anayekwenda Melbourne kumsalimia dada yake anaitwa mbele, anawekewa mikono. Mimi ndege naiogopa kuliko nyoka, kwa hiyo kuondoka bila maombi halikuwa jambo la kufikiria. Nikamwahi Mchungaji Bizimana kabla ya ibada, nikamnong'oneza: leo utuombee wasafiri, lakini kwa jumla tu, usitutaje. Akatikisa kichwa, amina, amina. Kumbe amina ya Bizimana ni salamu tu.

"Dada Lyse na shemeji Mugambi, njooni mbele!"

Tukaenda. Akaniwekea kipaza sauti mdomoni. "Waambie watu wa Mungu, mnasafiri kwenda wapi?"

"Ulaya," nikasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Ulaya ni kubwa, dada. Tukiomba Ulaya nzima tutatoka hapa jioni."

Watu wakacheka. Nikasema Brussels. Loo, akina mama wakaangusha vigelegele! Na nani kati yenu asiyependa vigelegele? Nilikuwa nimevaa gauni jipya la njano, nimesuka, mume wangu pembeni ameng'aa. Kichwa kikavimba. Nikaendelea bila kuulizwa: tumepata hoteli hapohapo karibu na uwanja mkubwa, kifungua kinywa unaandaliwa, unaamka unapotaka, watoto wanabaki kwa mjomba, siku nne za kustarehe.

"Na ndugu wa Brussels je?" akauliza Bizimana. "Kule tuna ndugu wengi. Mtafikia kwao hata siku moja?"

Ningeweza kusema tutaona Mungu akipenda. Ningeweza hata kukohoa. Badala yake nikakishika kipaza sauti vizuri nikasema, "Ndugu tumewapa likizo, mchungaji. Safari hii ni sisi wawili tu, bila usumbufu."

Kanisa likaangua kicheko. Bizimana mwenyewe alifuta machozi. Mugambi peke yake hakucheka, alikuwa anatazama mbele, kwenye ile simu ya kanisa iliyosimamishwa juu ya vyuma vyake vitatu, inayorusha ibada mubashara Facebook kila Jumapili. Mimi simu ile nimeizoea kama feni. Sikuwa hata na habari nayo.

Baada ya ibada tunakunywa chai, Irankunda akanijia na simu yake mkononi. "Lyse, leo umetazamwa!" Amina zilikuwa zimejipanga chini ya video, za Nairobi, za Bujumbura, za Kigoma. Nikazisoma nikiwa natabasamu. Katikati yake nikaona jina la Mama Anésie, na maneno yake: Amina. Mungu awatangulie wanangu. Mpumzike vizuri.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze palepale, na kikombe changu.

"Huyo si mama yako wa Brussels?" akauliza Irankunda. "Kwani alikuwa hajui?"

"Anajua," nikasema, macho makavu. "Alijua zamani."

Nikangoja anipigie anikaripie. Mama Anésie akikasirika husema, na akisema mtaa husikia, kisha yanaisha mnakula. Nikangoja Jumatatu. Nikangoja Jumanne. Kimya. Kazini nilimvalisha mzee mmoja soksi mbili mguu mmoja, akanishukuru, maskini. Kila simu ikilia naikimbilia, kumbe ni meneja anatafuta wa kuziba zamu.

"Mpigie," Mugambi akasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie pole. Si ni neno moja?"

"Neno moja kwako! Wewe mama yako alikulea kwenye nyumba ya mawe na shamba la miraa, utanifundisha mimi pole?" Nikabamiza kabati. Hilo lilikuwa neno la kipumbavu na nilijua ni la kipumbavu kabla halijanitoka, lakini mimi nikiona aibu hutafuta mtu wa kugombana naye, na wa karibu ni yeye.

Alhamisi jioni akapiga Mama mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya furaha tupu. Akauliza watoto, akauliza mgongo wa Mugambi, akauliza kama baridi imeanza. Mimi najibu huku nimeng'ang'ania ukingo wa sinki.

"Nimesikia mnakuja huku kwetu vakansi," akasema.

"Mama, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Uniambie nini tena, nimeshasikia! Mje na miavuli. Na uvae viatu vya chini, yale mawe ya mjini yanateleza, usije ukavunjika mguu." Akacheka kidogo. "Bahati mbaya tu, siku hizo mimi nitakuwa sipo. Nakwenda mji wa Liège. Rafiki yangu mkwewe amejifungua, wamenihitaji niwasaidie. Kwa hiyo msihangaike kunitafuta."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana aibu yangu hasa iko hapa. Yale ya kanisani yalikuwa kiburi tu, na kiburi kila mtu anacho. Hapa mimi nilifurahi. Mwili mzima ulilegea kwa raha. Nikavaa sauti ya huzuni nikasema, "Aa, Mama, jamani! Nami nilivyotaka tuonane!" Akasema, "Siku nyingine, mwanangu." Nilipokata simu nilipiga makofi peke yangu jikoni.

"Mugambi! Mungu ametoa njia! Hayupo, anakwenda Liège!"

Mugambi alikuwa anakunja nguo za watoto. Akanitazama kwa muda kama mtu anayenitafuta. "Umefurahi," akasema.

"Si nimefurahi, ni mambo yamejipanga. Pale Jumapili alasiri weka lile soko la vitu vya kale."

"Weka mwenyewe," akasema, akabeba nguo zake akaenda chumbani.

Nikaliweka. Niliichukua simu yake, nikafuta Mama, nikaandika soko.

Jumamosi nikiwa naanika nguo nyuma ya nyumba, simu ikalia: Verdiane. Verdiane hanipigii kamwe. Ana miaka ishirini na mbili, amezaliwa kulekule, Kiswahili chake amekiokota kwa mama yake na kwa Wakongo wa mtaani kwao. Hakunisalimu hata.

"Dada Lyse, mama alisema ukipiga niseme iko Liège. Mimi sitasema. Mama haiendi Liège. Hakuna mtu amezaa."

"Verdiane, mbona..."

"Mama hajalala inje ya nyumba hii tangu papa alikufa. Kwa nini aende Liège? Ni kwa sababu yako. Ili usione haya."

Nikasimama na shati la Mugambi mkononi, linachuruzika maji miguuni. Nikasema kitu cha kijinga, nikasema nilidhani Mama hutazama ibada mara mojamoja tu, ilikuwa bahati mbaya kuniona siku ile.

"Mara moja?" Akacheka, kicheko kibaya. "Kanisa yenu inaanza huku saa nane ya usiku. Yeye anaamka. Kila Jumapili, dada. Ile simu yenu inaonyesha pasta tu, lakini wakati wa sadaka munapita mbele. Basi anangoja upite. Ukipita anasema, leo amechoka. Ama anasema, amenenepa kidogo, asante Mungu. Halafu anaenda kulala."

Nikaliminya shati mpaka maji yakaisha.

"Siku ile walikuita mbele alikuja kuniamsha. Alinivuta mukono. Verdiane, amka, amka, dada yako leo anaongea! Tulikaa kwa kitanda yangu wawili, tukasikiliza yote."

"Akasema nini?" nikauliza.

"Alisema ile rangi ya njano inakupendeza."

Akakata simu. Mimi nikakaa palepale kwenye majani mabichi, nguo hazijaanikwa. Nimeshaona haya maishani. Nimekojoa mkeka wa watu, nimefukuzwa foleni, nimecheka kwenye msiba. Hii ilikuwa nyingine. Nikajiona vizuri kabisa: mwanamke mzima, gauni la njano, kipaza sauti, meno nje. Na kitandani upande wa pili wa dunia watu wawili wamejifunika blanketi moja wananisikiliza nikiwaita usumbufu. Na nilipopewa nafasi ya kuona haya nikapiga makofi.

Mugambi alinikuta hapo. Nikamweleza, nikilia mpaka makamasi. Hakusema nilikuambia, na angesema ningeshukuru. Alisema tu, "Piga simu sasa. Kule ni asubuhi."

Mama alipokea haraka. Nikasikia maji yanamwagika kwenye bomba, kisha akalifunga.

"Mama, nisamehe."

"Verdiane amekupigia. Mtoto huyu!"

"Hoteli tunaifuta, Mama. Tutalala kwako siku zote nne. Tutalala hata sakafuni. Uite majirani wote, nitakaa nao, sitatoka nje ya mlango. Nisamehe, Mama, nilikuwa mjinga, nilitaka sifa."

"Msiifute hoteli."

"Tumeshaamua."

"Lyse. Nisikilize." Hakupandisha sauti, na ningeomba aipandishe. "Mimi sina hasira. Ulisema kweli, mnahitaji kupumzika, na mji huu ni mzuri, utaupenda. Lakini kwangu usije kwa kuona haya. Nakujua tangu una miaka sita. Siku ya kwanza utalia, utaosha vyombo vyote. Siku ya pili haya itaisha, utaanza kuangalia saa. Na mimi nitakuona ukiangalia."

"Sitaangalia, Mama."

"Utaangalia, mwanangu. Si kosa. Njoo siku ukiwa na hamu nami."

"Nina hamu nawe!" nikasema, karibu kupiga kelele. Mugambi aligeuka pale mlangoni. "Mama, wallahi tena, nina hamu nawe!"

"Tangu lini?" akauliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, taratibu, na akangoja. Nikafungua mdomo. Nikarudi nyuma kutafuta siku ya kumtajia, ya mwezi huu, ya mwaka huu, ya mwaka jana. Nikatafuta Krismasi. Nikatafuta siku nilizojifungua watoto. Nilitaka moja tu ambayo ningeweza kuitamka bila kumdanganya, na yeye alikuwa bado ananingoja, nasikia pumzi yake.

"Haya, mwanangu," akasema baadaye, kwa upole uleule. "Nisalimie Mugambi."